Wifi Yangu na Parachuti Kubwa

Wifi yangu anafundisha udereva. Alikuwa na kazi hiyo kabla hajaolewa na kaka yangu, na mimi ndiye ninayekaa mapokezi katika shule hiyohiyo, kwa hiyo habari zake sikuletewa na mtu. Nyingi zimepita mbele ya meza yangu. Wanafunzi wanamwita Mama Breki. Gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, na hiyo ya upande wake haijui likizo. Mwanafunzi akisogelea gari la mbele kidogo tu, mguu wa wifi umeshafika. Hata mkikaa naye sebuleni mnatazama sinema, gari likikata kona kwa kasi kwenye televisheni, utauona mguu wake wa kulia unakandamiza zulia.

Sasa mtu wa namna hiyo, ukiambiwa kwamba ameruka kutoka kwenye ndege, tena kwa hiari yake, tena ndege yenyewe ilikuwa nzima, lazima uulize kama ni yeye au ni mwingine wa jina lake.

Ilianza na mwanafunzi mmoja, mwanamume mtu mzima mwenye mvi za hapa na pale, aliyekuja kujiandikisha huku anajifuta jasho. Nilimuuliza kama amewahi kushika usukani. Akasema hajawahi, maisha yake yote amekuwa akibebwa na watu. Nikamuuliza kazi yake. Akasema anafundisha watu kuruka kwa parachuti. Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Tulimbandika jina la Mwewe. Huko angani huenda alistahili jina hilo, lakini barabarani alikuwa kifaranga. Kwenye mzunguko wa barabara ulio karibu na soko alikuwa anasimama kabisa, anangoja magari yote ya mji yamalizike ndipo aingie. Honi zinalia nyuma, yeye ameganda na usukani.

"Hebu niambie ukweli," wifi alimwambia siku moja, baada ya kumwambia aegeshe pembeni na azime injini. "Wewe unajitupa kutoka mawinguni. Hapa unaogopa nini?"

"Hawa watu siwajui," Mwewe akasema. "Nikiruka na mtu, najua amefunzwa nini, nimekagua vifaa vyake kwa mikono yangu, na yeye amekagua vyangu. Hapa kila mmoja ana gari lake na akili zake. Nani amewakagua?"

Wifi alinihadithia maneno hayo saa ya chai, na alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na ndugu yake waliyepotezana naye. Miaka yote hiyo amekuwa akipigia kelele mikanda, vioo na matairi, watu wanamwona msumbufu. Leo amepata mtu anayeogopa barabara kwa sababu zilezile zake.

Basi alimfundisha kwa subira ambayo sijawahi kumwona nayo. Mwewe akajifunza kuingia kwenye mzunguko, akajifunza kurudi nyuma bila kufumba macho, mwisho akapata leseni. Siku aliyokuja kuaga, alimwambia wifi, "Mwalimu, sina zawadi nyingine. Njoo nikurushe mara moja. Utakuwa umefungwa kwangu, wewe kazi yako ni kupumua tu."

Nilijua atakataa. Nilikuwa hata nimeshafungua mdomo kumsaidia kukataa.

"Mikanda inafungwa mahali pangapi?" wifi akauliza.

Alikwenda Jumamosi, na mimi ndiye niliyemsindikiza, kwa sababu nyumbani alikuwa amesema tunakwenda kutazama vitambaa. Uwanja wenyewe uko nje ya mji: njia moja ya ndege, nyasi zilizokatwa chini, na banda kubwa la mabati ambalo sakafu yake imetandikwa mazulia chakavu ili parachuti zikunjwe bila kuchafuka. Nilimwona akipanda kindege kidogo chenye kelele nyingi, nikamwona, au niseme nilikiona kitone, kikitoka. Kisha parachuti ikafunguka, na kabla hawajagusa ardhi nilishaisikia sauti yake. Alikuwa anacheka. Si kile kicheko chake cha ofisini cha kuwaridhisha wazazi wa wanafunzi. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetekenywa.

Lakini alipofika chini, cha kwanza kunieleza hakikuwa mandhari wala upepo.

"Wifi, nimekaguliwa hapa bandani, nimekaguliwa kabla ya kupanda, nimekaguliwa tena mlangoni mwa ndege! Kila mkanda unashikwa kwa mkono. Halafu unajua kwamba kwenye mkoba mmoja kuna parachuti mbili? Kubwa ikikataa, ipo ya akiba. Na kama umezimia, kuna kidude ndani, kinajua unashuka kwa kasi mno karibu na ardhi, kinaifungua hiyo ya akiba chenyewe." Alinishika mabega. "Wana breki mbili, wifi. Tatu!"

Hapo nikajua tumekwisha.

Nyumbani alisema siku ileile, mezani, wakati wa kula. Si mtu wa kuficha kitu hadi kesho yake. Kaka yangu ni fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache, anaweza kukaa na mashine siku nzima bila kuitukana. Aliweka kijiko chini. Mama yetu, ambaye anaishi nao, ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, umefanyiwa nini katika nyumba hii?"

"Sijafanyiwa kitu, mama."

"Mtu hajitupi bure. Kama ni huyu," akamwonyesha kaka kwa kidevu, "sema nimseme mbele yako."

"Mama, nimefurahi tu. Na ninataka kujifunza kuruka peke yangu."

Kaka alisogeza sahani pembeni. Halafu akasema, "Mimi sitakukataza, unanijua. Ila usiniombe nije kutazama."

Wifi akaitikia. Lakini usiku ule aliosha vyombo vyote peke yake, hata vile visivyokuwa vichafu.

Mafunzo yalianza chini kabisa, sakafuni. Mimi nilidhani mtu anafunzwa kuruka kwa kuruka. Kumbe kwanza unafunzwa kuanguka kutoka kwenye kiti. Walimlaza kifudifudi juu ya kibao chenye magurudumu, tumbo mbele, mikono juu, miguu imekunjwa kidogo, akae hivyo mpaka mgongo ujue. Kisha wakamning'iniza kwenye mikanda iliyofungwa juu ya paa la banda, kama nguo zilizoanikwa, Mwewe akawa anamtikisa na kumpigia kelele.

"Parachuti imefunguka, kamba zimejisokota! Unafanya nini?"

"Nazisokotoa!"

"Umeshakufa. Kwanza unatazama nini?"

"Natazama... saa ya kimo!" Hiyo ni saa kubwa inayovaliwa mkononi, inasema uko juu kiasi gani.

"Kwa nini?"

"Nijue nina muda gani wa kuhangaika kabla ya kuitupa parachuti kubwa na kufungua ya akiba."

"Sasa uko hai. Tena!"

Siku za mwanzo alirudi nyumbani na alama za mikanda mapajani, akawa anafanya mazoezi sebuleni. Mama akipita na chai anamkuta amelala kifudifudi juu ya stuli, mikono hewani, anahesabu kwa sauti. Mama anamzunguka, anapita zake. Binti yao, ambaye yuko sekondari, alimpiga picha nikaziona, na naomba zisitoke nje ya familia.

Mara ya kwanza aliporuka na mkoba wake mwenyewe mgongoni, wakufunzi wawili walimshika huku na huku. Alinisimulia baadaye kwamba mlangoni mwa ndege, upepo unapiga, kitu alichofanya bila kufikiri ni kutazama kushoto, kulia, na juu ya bega, kana kwamba anaingia barabara kuu. Mmoja wa wakufunzi alicheka hadi miwani ikapata ukungu. Aliruka, akavuta kishikio kwa wakati wake, akaachwa peke yake chini ya parachuti, Mwewe akiwa ardhini anamwongoza kwa redio iliyokuwa kwenye kofia yake: geuka kushoto, nyoosha, sasa vuta. Alitua kwa makalio. Akasimama, akajifuta majani, akauliza kama hiyo inahesabika.

Nilimuuliza kama haogopi.

"Naogopa kila mara ndege ikiwasha injini," akasema. "Mwanzo nilikuwa naogopa kila kitu kwa pamoja, hata sijui naogopa nini. Sasa naogopa kimoja kimoja. Mkanda wa kifua umekaa? Kishikio kipo? Upepo unatoka wapi? Nikimaliza kuviogopa vyote, nakuwa nimeshavikagua."

Siku nyingine alikwenda asubuhi akashinda kwenye benchi hadi jioni kwa sababu ya mawingu. Kaka anamuuliza, "Umeruka?" Anasema hapana. "Sasa siku nzima umefanya nini?" "Nimetazama upepo." Kaka anatikisa kichwa, lakini nilimwona amelegea mabega. Siku za mawingu alikuwa analala vizuri.

Miezi ikaenda. Redio ikaondolewa kwenye kofia, wakufunzi wakaacha kumshika, akawa anaruka peke yake. Na hapo, baada ya uoga kupungua, ndipo yalipoanza mambo mengine.

Pale uwanjani kuna kijana mmoja mrukaji hodari, ameruka mara nyingi kuliko siku za mwaka. Wanamwita Roketi. Parachuti yake ni ndogo, inashuka kwa kasi, inakata kona kama mbayuwayu, na akitua anateleza juu ya nyasi kwa nyayo mita kadhaa, watu wanapiga makofi. Wifi wakati huo anakuwa bado yuko juu na parachuti ya kuazima ya shule ya kuruka, kubwa kama turubai la harusi, anaelea polepole. Wenzake wanakuwa wameshavua vifaa na kunywa maji, ndipo yeye anafika, tena pembeni mwa uwanja, anatembea na mzigo wake begani.

"Najisikia naendesha lori la mchanga," aliniambia.

"Si ulikuwa unasema lori ndilo lenye adabu?"

Akaanza kupanga funguo za magari.

Roketi hakuwa na ubaya. Alikuwa na parachuti nyingine aliyotaka kuiuza, kubwa kidogo kuliko yake lakini bado ndogo, ya rangi ya zambarau, imetunzwa vizuri. Alimwambia wifi, "Dada, utaazima vitu vya shule mpaka lini? Ukiwa na chako unakijua, kinakujua. Hii utaizoea upesi." Wifi akaishika, akaipapasa, akaipenda. Alikuja ofisini na picha yake kwenye simu, akanionyesha kama anayeonyesha mjukuu.

Mwewe alipomwambia haiwezekani, walikosana. Nilikuwapo. Mwewe alikuja kulipia masomo ya mpwa wake, wakakutana mbele ya meza yangu.

"Hiyo si yako," Mwewe akasema. "Kwa uzito wako na mara ulizoruka, bado."

"Nimeruka salama mara zote."

"Kwa sababu parachuti yenyewe inakusamehe. Ukivuta vibaya, inakusamehe. Ukichelewa kugeuka, inakusamehe. Hiyo ya zambarau haina msamaha."

"Mimi si mtoto, Mwewe."

"Mwalimu, mwanafunzi wako akikwambia nimeshaweza, anataka gari la mashindano, unampa?"

Wifi alichukua funguo za gari la kufundishia akatoka, akamwacha amesimama. Siku hiyo mguu wake ulikuwa mkali kupita kawaida. Mwanafunzi aliyekuwa naye alirudi ameshika shingo.

Wifi alimwambia Roketi asimuuzie mtu mwingine, amwekee. Mambo yakawa yamebaki hapo.

Wiki iliyofuata akaenda kuruka kama kawaida, na parachuti ya shule. Alitoka vizuri, akaanguka vizuri, akavuta kwa wakati. Nasimulia kama alivyonisimulia. Alisikia mkoba unafunguka, akasikia anavutwa juu kama inavyotakiwa, kisha akaanza kuzunguka. Alipotazama juu, parachuti ilikuwa imejaa hewa sawasawa, lakini kamba kati yake na parachuti zilikuwa zimejisokota kama nywele zilizosukwa, na kidevu chake kimesukumwa kifuani.

"Kitu cha ajabu, wifi, sikusikia sauti ya Mwewe. Nilisikia sauti yangu mimi, ile ya darasani. Taratibu. Macho. Usishtuke. Nikatazama saa. Kimo kipo, muda upo. Nikashika mikanda ya mabega, nikaisukuma kwa nje, nikaanza kupiga mateke, kama mtu anayeendesha baiskeli ya wazimu. Duara moja. Duara la pili. Natazama saa tena. Nilikuwa nimeshaamua: ikifika mahali fulani, naitupa, nafungua ya akiba, sitabishana nayo."

"Halafu?"

"Halafu kamba zikasokotoka. Hivyo tu. Kukawa kimya."

Alitua pembeni mwa uwanja kama kawaida yake, akakaa chini palepale kwenye majani. Roketi ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alikuwa ameona yote kutoka chini, akamkimbilia hata kofia hajavua.

"Dada uko sawa?"

"Niko sawa. Niambie kitu kimoja, kwa kweli kabisa. Ingekuwa ile yako ya zambarau, ingekuwaje?"

Roketi alikuna shingo. Angeweza kusema lolote, maana alikuwa anataka kuuza. Akasema, "Ndogo, kamba zikijisokota, haikungoji. Inajiinamia upande mmoja, inakuzungusha kwa nguvu, kimo kinaisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mimi mwenyewe ilishanipata. Niliitupa, nikatumia ya akiba. Ulimi ulikauka kutwa."

"Ulikuwa umesharuka mara ngapi wakati huo?"

"Nyingi, dada. Nyingi sana."

Wifi akaitazama parachuti yake ya shule iliyolala kwenye nyasi, kubwa, imepauka rangi, ina kiraka kwenye kona. Anasema alitamani kuibusu. Badala yake alikwenda bandani akamtafuta Mwewe, aliyekuwa anakunja kamba.

"Hilo turubai lako limenisamehe," akamwambia. "Lilinipa muda."

"Ndiyo kazi yake," Mwewe akasema. Hakumkumbusha kwamba walikosana. Alimsogezea mkoba wakaanza kukunja pamoja.

Ofisini alinihadithia yote hayo, halafu akatazama dirishani, ambako mwanafunzi wake wa saa hiyo alikuwa anangoja na kadi yake mkononi.

"Unajua wanafunzi wanaogonga ni akina nani?" akaniuliza. "Si wale wanaotetemeka. Ni wale waliomaliza kutetemeka juzi. Nimewasema miaka yote, na sikujua kwamba nami nimefika hapohapo."

Akapata leseni yake ya kuruka. Safari hii ni yeye aliyekuwa anajifuta jasho, na ni Mwewe aliyekuwa anauliza maswali. Tukaamua kwamba familia nzima iende kumtazama siku ya kuruka kwake kwa kwanza kama mrukaji kamili. Nasema tukaamua, ukweli ni mama aliyeamua. "Nimechoka kuona picha za mtu amelala juu ya stuli," alisema. "Nataka kuona kitu chenyewe." Kaka alisema ana friji ya duka la nyama ya kushughulikia. Mama akamwambia nyama ingoje.

Basi tukaenda. Mama alivaa gauni lake la sherehe na viatu vyenye kisigino ambavyo vilizama kwenye nyasi kila hatua. Tukapewa viti chini ya kivuli cha banda. Binti alikuwa na simu tayari. Kaka hakukaa, alikuwa anazunguka akikagua feni moja mbovu iliyowekwa pembeni, nadhani ili apate la kufanya kwa mikono.

Wifi alikuja kutuaga amevaa suti yake na mkoba mgongoni. Alimwambia kaka, "Parachuti yangu ni ile ya shule, ya rangi ya chungwa, kubwa kuliko zote. Huwezi kuikosa." Kaka akamshika mkanda wa kifua, akauvuta kidogo, kama anayepima kifuniko cha mashine. Akaitikia kwa kichwa.

Ndege ikapaa. Ilipokuwa inapanda, nikaona kile kitambaa chenye mistari kinachoonyesha upepo, kilichokuwa kimelala juu ya mlingoti, kinaanza kuinuka. Mara kikanyooka. Mara kikashuka, kikanyooka tena. Sikuelewa maana yake.

Kisha tukaanza kuona vitone. Parachuti ya kwanza ikafunguka, nyekundu. Ya pili, ya bluu. Ya Roketi, hiyo ikawa inashuka kwa madaha yake. Moja nyeusi na nyeupe. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amesimama, mkono juu ya macho.

"Ya chungwa iko wapi?" akauliza.

Tukatazama. Hakuna ya chungwa. Binti aliteremsha simu. "Mama yuko wapi?" akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto mdogo.

"Labda bado," nikasema, lakini anga lilikuwa tupu pale juu, na waliofunguka walikuwa wameanza kutua, mmoja mmoja wakirushwa na upepo, mmoja akaburuzwa kwenye nyasi hadi wenzake wakamkamata. Mama alishika kiti. Nilimtafuta kaka kwa macho nikamwona anakimbia. Sijawahi kumwona kaka yangu akikimbia tangu tulipokuwa shule. Alikuwa anakimbia katikati ya uwanja, uso juu, mikono wazi kidogo, kana kwamba ataudaka mwili wa mtu.

Ndipo ndege ikarudi. Ikatua mwishoni mwa njia, ikaja taratibu, ikasimama. Mlango ukafunguka, wifi yangu akateremka kwa ngazi, miguu yake mwenyewe, mkoba bado umefungwa mgongoni, uso umejaa haya.

"Rubani ameambiwa kwa redio kwamba upepo umepanda," aliniambia baadaye. "Kwa wazoefu bado unaruhusiwa. Sisi wageni Mwewe alituambia kwa redio hiyohiyo tuamue wenyewe. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilifikiria mama amevaa vizuri, nilifikiria binti na simu yake. Nikafikiria na wewe. Nikasema kama msingekuwapo, ningeruka? Nikaona nisingeruka. Basi nikakaa."

Kaka alimfikia kwenye bawa la ndege. Alikuwa anahema, shati limetoka kwenye suruali. Sisi tulikuwa tunakuja nyuma, mama amevua viatu ameshika mkononi. Sikusikia alichoanza kumwambia. Nilisikia wifi akisema, "Samahani, mmekuja mbali na sijaruka. Upepo..." na kaka akamkatiza.

"Umeteremka na ndege," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unaweza kukataa."

"Bila shaka naweza kukataa. Ulifikiri nini?"

Kaka akacheka, kisha akafuta macho kwa mkono wenye grisi ya ile feni, akabaki na mstari mweusi shavuni. "Mwaka mzima nilifikiri ukishapanda tu, ndiyo basi," akasema. "Sikujua kwamba hata mlangoni bado ni wewe unayeamua." Alimkumbatia pamoja na mkoba wake wote, mikono haifiki.

Mama alitufikia. Alimtazama mkwewe kuanzia kofia mpaka viatu.

"Yaani nimezamisha visigino vyangu vyote," akasema, "nije kumwona mtu anashuka kwenye ndege kwa ngazi? Hata mimi naweza!"

"Karibu upande, mama," rubani akasema kutoka dirishani, na tukacheka wote, maana kila mmoja alikuwa na hofu yake ya kutoa.

Upepo haukutulia siku ile. Tulikula vyakula tulivyobeba, tukiwa tumekaa kwenye mazulia ya bandani miongoni mwa parachuti zilizotandazwa. Mama alidai avalishwe mikanda. Mwewe akamvalisha juu ya gauni la sherehe, akamkaza kila mahali kwa heshima zote, akamfunga kofia. Mama akauliza hiki ni cha nini, na hiki, na hiki kikikataa je, na hicho kingine kikikataa je, na Mwewe akajibu yote. Alipigwa picha. Jioni hiyohiyo aliituma kwa kikundi chake cha akina mama bila maelezo yoyote, akazima simu, akawaacha wahangaike.

Parachuti ya zambarau Roketi alimuuzia mtu mwingine, mzoefu. Wifi alikuja kununua ya kwake mwaka uliofuata: kubwa, iliyotumika, Mwewe na fundi wa mikoba wakaikagua kila mshono mbele yake. Rangi hakuchagua, aliichukua ilivyo.

Lakini hilo la kuruka mbele ya familia halikungoja mwaka. Jumamosi iliyofuata siku ile ya upepo, asubuhi palikuwa shwari. Mama alisema yeye ameshaona vya kutosha, anapumzisha miguu. Binti alikuwa na mtihani. Nami nilikuwa zamu. Walikwenda wawili tu, wifi na kaka, na nikakaa ofisini siwezi kuandika jina la mtu sawasawa.

Simu ikaita. Alikuwa kaka.

"Imefunguka," akasema. Nikasikia anatembea, nyasi zinasugua suruali. "Ya chungwa. Naiona. Inakwenda polepole kweli hii kitu... Anageuka. Ananyoosha." Nikashika meza. "Ametua. Amesimama. Ah, amekaa tena. Anacheka, unamsikia? Ngoja nimfuate, yuko mbali kidogo."

Akakata simu.